Tunalia Kiswahili kinaliwa na Kiingereza, Kigogo je? Nani alikililia?

Mwana wa Kigwe (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu,

Humu kila mwezi lazima utokee uzi wa mtu anayelia kwamba watoto wa siku hizi Kiswahili kimewashinda, wanaongea Kiingereza cha puani, shule za inglishi midiamu zinatuulia utamaduni na mengine kama hayo. Huwa nasoma, nacheka kidogo, napita zangu. Safari hii nimeona nisipite maana wanaolia kwa sauti ni wenzangu wa huku kati, na sisi ndo watu wa mwisho kabisa wenye haki ya kulia bila kujieleza kwanza.

Mimi Mgogo wa Bahi, nimezaliwa Kigwe, kwa sasa niko Kisasa hapa jijini na familia. Wanangu wanaongea Kiswahili, wana Kiingereza chao cha shule, Kigogo hata cha kuombea maji ya kunywa hawana. Jirani yangu Mgogo mwenzangu wa Mvumi, hivohivo. Mwingine wa Hombolo, hivohivo. Halafu jioni tunakaa watatu kibarazani tunasikitika kwamba Kiswahili kinaliwa. Sasa najiuliza Kigogo kililiwa na nani, maana hakuna mzungu aliyekuja kukaa sebuleni kwangu akanikataza.

Turudi nyuma kidogo. Kiswahili huku hakikuja na Nyerere. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na watemi wetu walikuwa wanatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kila msafara maana nchi kavu na visima ni vyao, ukigoma kulipa utakunywa nini. Kwa hiyo kuna wazee walikuwa na Kiswahili cha kupatana bei hata kabla Mjerumani hajaweka boma. Mjerumani akaja na maakida na shule za Kiswahili, Mwingereza akaendelea nacho madarasa ya chini. Ila muda wote huo kilikuwa Kiswahili cha sokoni, cha bomani na cha stesheni, ukirudi nyumbani unakivulia mlangoni.

Kilichogeuza mambo ni miaka ya Azimio. 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi zote. 1970 na 1971 ikapita Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wanakaa kaya moja huku nyingine kule pamoja na ng'ombe wao wakakusanywa vijiji vya ujamaa, shule ikasogea, zahanati ikasogea, na katibu naye akasogea. 1977 ikaja UPE, elimu ya msingi kwa wote, kila mtoto darasani. Na walimu walipangwa nchi nzima, unakuta Mhaya au Mnyakyusa yuko Kigwe anafundisha, yeye Kigogo hana, watoto Kihaya hawana, kinachobaki ni kimoja.

Na niseme wazi kabla hamjanirukia, kile kitu kilitufaa. Mtoto wa Kigogo aliyekuwa anachekwa kila stesheni ya reli akapata lugha ya kumjibu mtu wa pwani wakiwa sawa. Sensa ya 1967 ndo ya mwisho kuuliza watu kabila, baada ya hapo serikali hata haijui Wagogo tuko wangapi, na mimi sina ugomvi na hilo, nimekaa nchi za watu nikaona kura zinavyopigwa kwa jina la ukoo.

Ila hapo shuleni kulikuwa na kitu kingine. Kibao. Wa umri wangu mnakijua. Ukikamatwa unaongea kilugha unavishwa shingoni, unazunguka nacho mpaka umkamate mwenzako umvishe. Tulikuwa tunaviziana hadi chooni. Mtoto wa darasa la pili anajifunza kwamba maneno anayoongea mama yake jikoni ni kosa la kuchapiwa. Hakuna kitabu kiliandika hivo, hakuna somo lililoitwa hivo, lakini ukiniuliza leo nimebaki na nini darasa la pili, jedwali la kuzidisha limeshatoka, kibao kipo.

Sasa nenda shule yoyote ya kulipia hapa mjini. Kibao kipo tena, safari hii anavishwa aliyeongea Kiswahili. Ndo maana nacheka mnapolia. Mtindo ni uleule, tulionufaika nao jana leo umegeukia upande wetu.

Mimi ninavyoona, shule humbadilisha mtu zaidi kwa kile inachomfanya akionee aibu kuliko kwa inachomfundisha ubaoni. Na aibu inafuata mshahara. Enzi zile ajira ilikuwa ukarani, ualimu, ubwana shamba, yote ya Kiswahili, aibu ikakaa kwenye kilugha. Leo wazazi tumeamini ajira iko kwenye Kiingereza, aibu imehama, imekaa kwenye Kiswahili, na mtoto wa kayumba anaonekana hajasoma hata kama kichwa chake kinafanya kazi kuliko wa kwako.

Niwape kisa kimoja ndo mnielewe. Mwaka jana nilimleta mama yangu mzazi hospitali moja hapa mjini, ubavu unamsumbua. Nimeenda dirisha la malipo nikamwacha na kijana wangu wa kidato cha tatu. Nesi anamuuliza, bibi maumivu yanachoma, yanavuta, au yanakuja yanaachia? Mama anajibu "inauma". Nesi anarudia pole pole, mama anajibu "inauma sana". Mama yangu Kiswahili anacho, ila ni cha mnadani, atakuuzia mbuzi na kukataa bei ya kijinga vizuri kabisa. Kiswahili cha ndani ya mwili hana. Akaona isiwe tabu akaanza kueleza kwa Kigogo, anashika ubavu, anapeleka mkono mgongoni, anaushusha, anaeleza kitu kirefu chenye mpangilio. Nesi binti wa watu, mpole, anamwangalia kijana wangu amsaidie. Na kijana wangu baiolojia yuko vizuri, ukimpa karatasi anakuchorea figo na kila mshipa wake kwa majina ya Kiingereza. Pale alikuwa ameshika simu anaangalia chini. Aliyetafsiri ni dada wa usafi, aliegemeza fagio ukutani akasogea, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia nesi kwamba bibi anasema yanaanzia mgongoni, yanashuka mbele, na yanazidi akinywa maji kidogo siku za jua kali. Ndo nikafika na risiti yangu.

Dada yule nilimpa ya soda. Kijana sikumwambia kitu, ningemwambia nini na mimi ndo nilimlea?

Haya, uwanja wenu. Msinijibu kwamba lugha ni utamaduni, hilo liko kwenye kila kalenda. Niambieni mnafanyaje majumbani kwenu.

---

Zabibu Kavu

Mkuu uzi mrefu kama treni ya mizigo ila nimeumaliza. Mbukwa sana.

---

Pilipili Mbuzi

Naheshimu hisia zako kaka ila tuongee kama watu wazima. Kigogo kinanilipia ada? Nimezaliwa Chamwino, nakiongea vizuri tu, hakuna hata usaili mmoja nilioulizwa. Nilichoulizwa ni "jieleze kwa ufupi" kwa Kiingereza nikatoka jasho mpaka kwenye soksi. Mwanangu hatotoka jasho hilo, hata kama itabidi nimfungie kwenye chumba cha katuni. Lugha ni jembe, likiisha makali unanunua jingine. Na huyo mama yako angepona hatahivyo, vipimo vipo, mashine ya kupiga picha haiulizi kabila.

---

Mwana wa Kigwe

Pilipili mashine ilipiga picha ya kile dada wa usafi alichosema. Bila yeye wangeanza na kifua.

---

Mzee Tembe

Vijana mnaongea vizuri lakini mmemruka mtu. Mathias Mnyampala. Mgogo, alizaliwa Ihumwa 1917, Ihumwa hiyohiyo jirani na Mtumba ambako leo kuna mji wa serikali na mabasi ya watumishi. Alikua na Kigogo chake, na akaja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili nchi hii, akaongoza chama cha ushairi cha UKUTA, akatupatia ngonjera. Wote mliosimama mstari mbele ya mgeni rasmi mkijibizana kwa beti mjue mlikuwa mnatumia kazi ya Mgogo. Alifariki 1969, hakuona hata jinsi ngonjera zilivyojaa mashuleni.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyeandika historia na mila za Wagogo, kitabu kilitoka 1954, kwa Kiswahili. Nataka mlitafakari hilo maana linamsumbua mwenye uzi na linamsumbua na Pilipili. Ukisema Kiswahili kilikula Kigogo, huyu alitumia Kiswahili kuuhifadhi Ugogo, mpaka leo mtu wa Mtwara anaweza kusoma posa ya Kigogo inakwendaje. Ukisema Kigogo hakina faida, huyu shibe yake yote ya kutunga ilianzia huko, kwenye nyimbo na majibizano ya kwao. Hakukivulia mlangoni, aliingia nacho ndani kikabadilisha nyumba.

Kingine. Mnasema utamaduni kana kwamba ulikuwa umekaa tu ukingoja kuharibiwa. Wagogo wenyewe ni koo zilizotoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingine zikakutana huku. Tukachukua ya Wamasai, mavazi, ngeu ya kujipaka, mambo ya jando. Hakuna aliyelia. Mimi nimekulia kwenye tembe, paa la udongo, mbuzi wanalala upande wa pili wa ukuta, joto la usiku zuri na panya wa kutosha. Leo Kigwe nzima bati. Sitamani kurudi kwenye tembe, asiniimbie mtu kasida.

Kinachonikera mimi ni huu utani wa kwamba Mgogo ni ombaomba, maana nao ni elimu, watoto wanaufundishwa kupitia vichekesho. Nchi hii mvua yake ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, ikikataa imekataa. Kulikuwa na njaa kubwa miaka ya 1917 mpaka 1920, wazee waliita Mtunya, ilikuja baada ya majeshi ya Vita Kuu, ya Mjerumani na ya Mwingereza, kuchukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikagoma. Watu walikufa, wengine wakatawanyika kutafuta chakula mikoa ya mbali. Huyo ndiye Mgogo aliyeonekana stesheni akiomba. Shuleni tumefundishwa vita hivyo kwa majina ya majenerali. Mtunya haimo kwenye daftari la mjukuu wangu, nimelipekua.

---

Zabibu Kavu

Mzee Tembe shikamoo. Hii ya Mtunya sijawahi kuisikia na nimesoma Dodoma kuanzia chekechea mpaka UDOM.

---

mwl_chaki

Nimechelewa, huku mtandao ni wa kupanda kichuguu. Mimi ni mwalimu wa msingi, wilaya ya Chamwino, kijijini hasa. Naona hapa watu wa Kisasa na Ilazo mnazika kitu ambacho hakijafa.

Njooni Januari wakati wa kupokea darasa la kwanza. Watoto wanakuja na Kigogo kitupu. Nikisema "fungua daftari" nusu wananiangalia, mmoja anafungua mlango. Hapo sera inasema Kiswahili, na mimi sina muda wa kusubiri sera, naongea nao Kigogo mpaka wakae sawa, tunaanza kutaja vitu vya darasani, ikifika Pasaka wananielewa. Wenzangu wasiojua Kigogo wanahangaika mpaka Juni, na siyo kwamba ni walimu wabaya. Mmoja ni Msukuma, mtu wa kujituma kuliko mimi, ameishia kumtumia mtoto wa darasa la tano kama mkalimani wake, amemweka dawati la mbele.

Sasa huyohuyo mtoto anayehangaikia Kiswahili, mtaala mpya ulioanza 2024 unataka Kiingereza nacho kianze darasa la kwanza, na msingi imekuwa miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka huo na waliokuwa la nne wote wanamaliza pamoja 2027, hebu fikirieni madawati ya sekondari. Mimi sipingi Kiingereza kuanza mapema kama somo, napinga kumlundikia mtu wa miaka sita halafu tukaita uvivu.

Na akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na masomo machache. Wiki chache za kozi ya kuwasha moto, kisha fizikia. Nimefundisha watoto wenye akili ya kunishangaza, nimewakuta sekondari wananakili ubao neno kwa neno kama wanachora. Mjue hili jambo lilishajadiliwa sana. Tume ya Makweta ilitoa ripoti 1982, ikapendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. Sera ya Utamaduni ya 1997 ikasema Kiswahili kitafundishia ngazi zote na lugha za jamii ziendelezwe. Sera ya Elimu ya 2014 nayo ikakitaja Kiswahili ngazi zote. Makaratasi yamejaa, ubao haujabadilika.

Kwa hiyo mwenye uzi ulivyosema aibu inafuata mshahara nakubali nusu. Nusu nyingine inafuata mtihani. Kitu kisichotahiniwa mzazi hakinunulii daftari. Kigogo hakijawahi kutahiniwa na hakitatahiniwa.

---

Mmachame Mhamiaji

Mimi ni mgeni wenu, nilikuja na wizara baada ya tangazo la 2016 la serikali kuhamia Dodoma. Wachaga tunajulikana hatukai pembeni ya jambo hahaha.

Niseme ukweli ambao hamtaupenda. Nimekaa hapa miaka yote hii na sijawahi kulazimika kujua Kigogo hata neno moja zaidi ya hiyo mbukwenyi, nayo nimeijua kwa sababu kila kiongozi akipanda jukwaani anaanza nayo, watu wanapiga makofi, anaendelea na Kiswahili chake. Ofisini hakuna, sokoni Majengo hakuna, fundi wangu Mgogo kabisa wa Veyula anaongea na kibarua wake Mgogo kwa Kiswahili mbele yangu, nikiondoka sijui. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 410,956, ya 2022 wakawa 765,179. Hao wote walioongezeka mnadhani wamekuja kujifunza Kigogo? Tumekuja na Kiswahili cha Dar, na chipsi, na fensi za umeme.

Kwetu Machame ni hivohivo tu msidhani. Wanangu wanakwenda Desemba, bibi anaongea Kimachame, wao wanacheka wanasema bibi anaimba.

---

Mwana wa Kigwe

Mmachame umegusa kitu. Fundi anaongea Kiswahili mbele yako kwa adabu, ndivyo tulivyolelewa, kuongea kilugha mbele ya mgeni ni kama unamsengenya. Sasa mji ukijaa wageni, adabu hiyohiyo inatufunga mdomo saa ishirini na nne. Sijawahi kuliwaza hivo mpaka uliposema "nikiondoka sijui".

Na kuna la viwanja. Wagogo wa maeneo ya Nzuguni, Nala, Ihumwa, waliolipwa fidia au waliouza wenyewe, wamesogea mbele zaidi porini. Waliobaki katikati ni sisi wenye ajira, ambao tayari nyumbani ni Kiswahili. Kwa hiyo lugha haikufa mjini, imehamishwa na hati ya kiwanja.

---

BintiSandawe

Nimewasoma nimebaki natabasamu. Mimi ni Msandawe, kwetu ni Kwa Mtoro, Chemba. Mnalia Kigogo chenye watu wengi na Biblia yake na kwaya zake?

Tulipokuwa wadogo tukija mnadani, waliokuwa wanatucheka ni Wagogo na Warangi. Mnaiga tunavyodata kwa ulimi, mnadondoka kwa kucheka. Dada yangu alisoma bweni na watoto wa Kigogo, alikuwa anamwambia mama asije siku ya wazazi, na akija asiongee. Kwa hiyo, hiyo aibu mnayosema ilitoka shuleni, sisi tulivishwa na nyinyi kabla hata ya mwalimu. Kila mtu humu ana aliyemvisha mwenzake kibao, tuheshimiane.

Halafu ajabu sasa, wazungu wa vyuo vikuu wanakuja na vinasa sauti, wanamkalisha babu chini ya mbuyu, aseme neno moja mara nyingi, wanafurahi mpaka unawaonea huruma. Wadogo zangu wanaangalia kwa mbali wanaona babu kawa mtu mkubwa. Mmoja ameanza kumfuata babu kuwinda asali. Sijui ni kwa sababu ya mzungu au asali, mimi sijali, anaongea.

---

Pilipili Mbuzi

BintiSandawe samahani kwa niaba ya mnada mzima.

Ila bado sijajibiwa swali langu. Muda. Mtoto anatoka saa kumi na mbili asubuhi na basi la shule, anarudi magharibi, ana homuwek, anakula, analala. Kigogo nimwekee saa ngapi? Kwenye ndoto?

---

mwl_chaki

Pilipili mtoto hafundishwi lugha, anaongeleshwa. Wewe na mama yake mnaongea nini mkigombana?

---

Pilipili Mbuzi

Kigogo hahaha. Tena ili asielewe.

---

mwl_chaki

Basi anaelewa chote huyo.

---

Zabibu Kavu

Niongeze kitu kuhusu ngoma maana naona hamjaigusa. Shule niliyosoma tulikuwa na kikundi cha ngoma, mwenge ukija au mgeni rasmi tunatolewa. Wasichana wanapiga muheme, zile ngoma za kushikilia katikati ya mapaja, na sisi wavulana tunaruka na njuga. Nyimbo za Kigogo. Asilimia kubwa ya darasa walikuwa watoto wa wafanyakazi, Wapare, Wanyaturu, Waha, tunaimba kwa kukariri, mwalimu kaandika ubaoni silabi kwa silabi. Tulishinda mpaka mkoa. Mpaka leo naimba ule wimbo mwanzo mwisho na sijui nilikuwa namsifu nani au namtukana nani.

---

Mzee Tembe

Zabibu, muheme ilikuwa ya kina mama, kwenye mambo ya kuwafunda wasichana. Hukutakiwa hata kuisogelea wewe na njuga zako. Leo inapokea mwenge, na mimi naona afadhali inapigwa. Hukwe Zawose, mwanamuziki, alitoka kijijini hukohuko Ugogo, akachukuliwa enzi za Nyerere, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na zeze na ilimba mpaka alipofariki 2003. Alikuwa anaimbia watu wasiojua Kigogo wala Kiswahili na wanakaa kimya wanamsikiliza. Hapo ndo napata shida na hesabu za Pilipili, maana yule Kigogo kilimlipia nauli mpaka Ulaya.

---

Pilipili Mbuzi

Mzee mmoja kati ya wangapi? Mwanangu hata filimbi hajui.

---

Mmachame Mhamiaji

Wakuu mimi swali langu dogo. Kama redio za nchi hii ni Kiswahili na Kiingereza tu, shule Kiswahili na Kiingereza, mahakama nayo sasa Kiswahili, ibada nyingi mjini Kiswahili, hicho kilugha kibaki wapi? Kenya wana redio za kilugha kila kona, na mnajua yaliyowakuta 2007, vurugu za baada ya uchaguzi. Mimi natamani wanangu wajue Kimachame lakini redio ya Kichaga ikifunguliwa kesho mimi wa kwanza kuogopa. Hapa sina jibu.

---

Mwana wa Kigwe

Na mimi kwenye redio niko na wewe, tuiache. Sitaki serikali inisaidie Kigogo. Ninachotaka ni kwamba asionekane mjinga anayekiongea, basi, na hilo halihitaji bajeti. Mwl_chaki anaongea Kigogo darasa la kwanza watoto waelewe, asijifiche, mratibu wa elimu akija amkute anafanya hivo na amwandikie vizuri. Nesi akipangiwa Bahi mtu amfundishe namna ya kuuliza maumivu kwa lugha ya wagonjwa wake, ni maswali machache tu yale, anaandika kwenye karatasi anabandika ukutani. Kiswahili hakitapungukiwa na kitu. Na hao wa kibao, cha kilugha, cha Kiswahili, cha chochote, wakichome wapikie chai.

Kwa upande wangu nimeongea na mama, alishapona, yuko Kigwe anapekua mbegu za uwele. Likizo ya Desemba wanangu wote wanakwenda kwake mpaka shule zifunguliwe. Simu zinabaki kwangu.

---

mwl_chaki

Hapo umefanya la maana, na Desemba ndo wakati wenyewe, watu wanapanda. Shambani hakuna anayeongea Kiswahili, kila mtu ameinama. Watajua kwanza maneno ya kukemewa, mengine yatafuata.

---

Zabibu Kavu

Watoto wa Kisasa shambani na lile jua?! Mkuu wape kofia.

---

Mwana wa Kigwe

Kofia nimenunua. Mama kasema kofia ni shauri yao, ila kila mmoja aje na jembe lake, la kuazima hana.